Kifua Kilichokubeba Hakikuwa Changu

Birongo, Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mwanangu Nyanchera,

Mama yako yuko chumbani kwako anakunja nguo zako kwa mara ya tatu, na kwa jinsi ninavyomsikia kupitia ukutani, amekwisha kukuambia yote ambayo mzazi humwambia mtoto anayekwenda chuo: blanketi, maji ya kuchemsha, wanaume, kanisa. Sina la kuongeza hapo. Mengi utayasahau, na utaishi.

Nina jambo lingine, nami nimeamua kuliandika kwa Kiswahili. Najua utashangaa, maana humu ndani tunasema Ekegusii tangu asubuhi mpaka tulale. Lakini kuna maneno ambayo baba wa Kigusii hamwambii binti yake kwa lugha ya nyumbani. Kifua, uchi, uzazi. Heshima hizo tunaziita chinsoni, na mimi nimejificha nyuma yake kama mtu anayekwepa mvua. Kiswahili nimekifundisha miaka ishirini na mitano. Naweza kukaa ndani yake kama mtu aliye ofisini, nimevaa viatu, nimenyoosha mgongo. Vinginevyo nisingeweza kuyasema haya.

Alhamisi uliniletea karatasi. "Baba, nisahihishie." Yalikuwa maneno utakayosema chuoni Eldoret, wanafunzi watakapowachangia watoto njiti, kama Bi Nyaboke wa kile kikundi alivyokuomba. Nikasoma: "Nilizaliwa kabla ya wakati. Mama yangu akiwa hoi baba yangu alivua shati, akanibeba kifuani siku tisa, ngozi kwa ngozi, mpaka mama alipopata nguvu." Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi. Nikaongeza koma moja baada ya neno "hoi", nikakurudishia, nikasema, "Vizuri sana." Ukafurahi, ukaenda zako.

Nyanchera, sikukubeba. Si siku tisa, si siku moja, si dakika moja. Katika sentensi ile mimi nina koma tu.

Nianzie mbali kidogo. Mama yako alikuwa na mimba ya miezi saba. Miguu ilimvimba, kichwa kilimwuma, na mara mbili aliniambia kwamba anaona vimulimuli mchana. Mimi nilikuwa nimetoka kupandishwa cheo kuwa naibu wa mwalimu mkuu, na cheo kilikuwa kimenipanda kichwani kama pombe ya bure. Nilimwambia, "Wanawake wa hapa huchuma chai mpaka siku ya kujifungua. Wewe umeumbwa kwa maganda ya mayai?" Ndivyo nilivyomwambia mke wangu. Alichukua kikapu akaenda shambani.

Mnamo saa nne alianguka kati ya mistari ya chai. Jirani yetu alikuwa anapakia ndizi kwenye pikapu azipeleke soko la Daraja Mbili, na mpakiaji wake siku hiyo alikuwa baba yako mdogo, Makori. Walimlaza mama yako juu ya mikungu, mke wa jirani akampakata kichwa, wakaondoka mbio. Hawakufika mjini. Ulizaliwa kando ya barabara, mke wa jirani akikupokea, na Makori akitazama upande wa pili huku amenyoosha mkono nyuma kutoa shati lake. Ukafungwa katika shati hilo, lenye utomvu wa ndizi na jasho la mpakiaji. Mama yako alipokuita Nyanchera, mtoto wa njiani, hakuwa anatafuta jina zuri. Alikuwa anasema ukweli. Katika nyumba hii alikuwa peke yake katika kazi hiyo.

Na mimi? Mimi nilikuwa kwenye kikao cha walimu. Mlinzi wa shule alikuja mlangoni, akaninong'oneza kwamba mke wangu amejifungua njiani na hali si nzuri. Nikamwambia asubiri. Tulikuwa tunajadili walimu wanaochelewa kazini. Nilimaliza kikao, nikaomba mtu afunge kwa sala, halafu nikaenda hospitali.

Mama yako alikuwa amepata kifafa cha mimba na hajitambui. Wewe walikuweka katika chumba kidogo chenye joto, nami nikaonyeshwa kupitia dirishani. Sitapamba. Ulikuwa mwekundu, ngozi imekunjamana, masikio hayajashika umbo lake, kichwa kama ndimu. Baba wengine husema waliona muujiza. Mimi niliona aibu. Nilifikiria watu wa Birongo watasema nini juu ya mwalimu aliyezaa kitu kama kile.

Nilimpigia simu mama yangu, magokoro wako. Akaniambia, "Hicho usikipe jina. Ukikipa jina utalazimika kukililia." Sitaki umlaumu. Yeye alikuwa amezika wawili wa namna hiyo kabla hajanizaa mimi, na hofu yake ilikuwa na mizizi. Yangu haikuwa na mizizi yoyote, ilikuwa uvivu wa moyo tu. Jioni ile nilirudi nyumbani nikachagua mahali nyuma ya migomba, palipo na udongo laini.

Kesho yake nilipofika hospitali, muuguzi mmoja wa makamo kutoka Nyamira, mwenye sauti ya kupasua kuni, alitoka akauliza watu waliokuwa kwenye korido:

"Baba wa mtoto wa Kemunto ni nani?"

"Ni mimi."

"Vua shati."

"Nifanye nini?"

"Mama yake hawezi, na mashine ya joto ina wenzake wawili tayari. Huyu anataka ngozi ya mtu. Akae kifuani asishushwe. Vua, nitakuonyesha namna ya kumfunga."

Kwenye benchi walikaa wanawake wanne, mmoja wao mzazi wa mwanafunzi wangu. Nikasema, na ninakuandikia neno kwa neno ili unijue: "Sista, mimi ni naibu wa mwalimu mkuu."

Alinitazama kama unavyotazama kitu ulichokikanyaga. "Mtoto hajauliza cheo."

"Sisi Wagusii tuna heshima zetu. Baba hawezi kuvua nguo mbele ya—"

"Mimi si Mgusii? Nyamira ni Uchina? Heshima gani hiyo inayoua mtoto?"

Makori alikuwa pale. Hakuwa ameondoka tangu jana. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, amejifunga shuka aliyoazimwa kwa sababu shati lake lilikuwa kwako. Akasimama. "Sista, mimi sina cheo. Nionyeshe."

"Wewe ni nani?"

"Baba yake mdogo."

"Unakunywa?"

"Nakunywa."

"Leo?"

"Leo bado."

"Basi siku nitakayosikia harufu, nitakutoa humu kwa sikio. Ingia uoge."

Hapo ningeweza kusema, ngoja, nitafanya mimi. Njia ilikuwa wazi kabisa. Nilichofanya ni kupumua, kama mtu aliyetuliwa gunia.

Unamjua Makori kwa jinsi nilivyokufundisha kumjua. Aliacha shule darasa la sita. Alibeba mikungu Daraja Mbili, alikunywa chang'aa Mosocho, alikuja Krismasi na kuondoka kabla hajafukuzwa. Nikiwa na walimu wenzangu sokoni na kumwona mbele amejitwika mzigo, nilikuwa navuka upande wa mitumba na kujifanya nachagua kaptula. Alikuwa ananiona. Hakuwahi kuniita.

Sasa sikia alichofanya, kwa sababu nilikisimulia miaka tisa kama changu. Alikaa kwenye kiti cha mbao, wewe umefungwa kifuani kwake kwa leso, kichwa chako chini ya kidevu chake. Siku ya pili mikono yake ilianza kutetemeka, maana mwili ulidai pombe. Akamwomba muuguzi amfunge leso mara mbili ili asije akakuangusha. Jasho likimtoka, muuguzi alimpangusa shingo. Siku ya tatu uliacha kupumua. Akakukwaruza mgongo kwa kidole, na kwa kuwa hukuwa na jina bado, akakuita tu, "Mama, mama, rudi." Ukarudi. Alilala amekaa. Alikusimulia habari za ndizi, ipi ni ya kupika, ipi ya kuiva, ipi inadanganya kwa ganda zuri. Wanawake wa wodi ile walimcheka, akawaambia, "Huyu ametolewa mbichi. Sisi tunajua kazi hii. Unafunika, unangoja."

Haya yote aliniambia muuguzi yule, bila kuombwa, akihakikisha nasikia. Mimi nilikwenda mara tatu. Nilisimama dirishani na gazeti.

Siku ya kumi mama yako aliweza kukaa. Makori akakufungua, akakukabidhi, akachukua shati lake lililofuliwa, akaondoka. Nafasi yake ya kupakia sokoni ilikuwa imechukuliwa na mwingine. Alilewa siku tatu mfululizo, na mimi nikasema mbele ya watu, "Mnaona? Mlevi ni mlevi." Mama yako aliponiuliza ni nani alikuwa amekushika, nilimjibu, "Tulisaidiana." Hilo ndilo toleo la kwanza la ile hadithi. Kama uongo mwingi, lilianza likiwa limevaa suti ya kiasi.

Ulipofika darasa la nne, Bi Nyaboke alikuja kutafuta familia za kusimulia. Huyo sina neno baya juu yake, na usinielewe vibaya. Alizika mapacha njiti, kisha badala ya kukaa na uchungu wake akaanza kushona kofia ndogo na kuomba leso, mashuka, viti vya akina mama kukalia wodini. Kikundi chake ni kazi ya kweli. Uongo ulikuwa wangu.

Siku ile katika ukumbi wa kanisa mjini nilisimama nikiwa nimekusudia kusema "familia yetu ilikubeba". Mdomo ukasema "nilimbeba". Ukumbi ukanyamaza. Mwanamke mmoja wa mbele akafunika uso kwa leso. Nikaona kwamba nina kitu mkononi, na kama mwalimu yeyote mwenye darasa lililotulia, nikaendelea. Mchungaji aliniita Yusufu wa Birongo. Mgeni wa heshima, bwana mmoja mwenye simu mbili, alilia machozi ya kuonekana, akakunyanyua apigwe picha nawe, akaenda kabla ya chakula. Nilimdharau yule bwana. Nilimwona mnafiki, mimi niliyekuwa nimesimama karibu naye na machozi yangu ya kuazima.

Mwaka uliofuata nikaongeza umeme kukatika. Mwaka wa tatu nikaongeza wimbo niliokuimbia. Wanaume walinishika mkono kwa mikono yote miwili. Nikawa mzee wa kanisa. Sabato hadi Sabato nikakaa mbele, na mama yako, kila nilipoanza kusimulia mahali popote, alikumbuka kwamba kuna sufuria jikoni. Alijua. Muuguzi alikuwa amemwambia kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Mara moja tu, tukirudi, alisema, "Siku moja utaje na jina la mwenye kifua." Nikamwambia hajui mambo ya kuhamasisha watu.

Sasa nifike pale ninapopakimbia. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Makori alikuja siku ya mkutano wa kikundi. Alikuwa ameajiriwa kuleta ndizi za chakula cha wageni. Alisimama nyuma ya ukumbi na mkungu begani, akasikiliza mwanzo mpaka mwisho. Nilimwona. Nikasema kila neno nikimwona. Watu walipopiga makofi alishusha mkungu, akapiga na yeye.

Nilimfuata nje, jikoni. "Umekuja kuniharibia?"

"Nikuharibie nini, Mwalimu? Mtoto si yuko?" Kisha akasema polepole, kama mtu anayemsahihisha mwenzake kwa upole, "Ila siku ya tatu umeiacha. Ile aliyonyamaza. Usiiruke hiyo, wenye watoto wanahitaji kujua wakwaruze mgongo."

Hakuwa amelewa, Nyanchera. Alikuwa na jasho la kazi. Nilirudi ndani nikawaambia vijana wa mlangoni kwamba kuna mlevi jikoni anasumbua wapishi. Wakamtoa kwa mabega. Wewe ulikuwa umesimama kando yangu na gauni lako jeupe. Ukanishika mkono, ukauliza, "Baba, ni yule mlevi tena?" Nikakujibu, "Usimtazame."

Nimefanya makosa mengi. Nimetukana mgonjwa, nimechagua kaburi la mtu aliye hai, nimeiba. Hili la kukugeuza uso ndilo ninaloliona nikifumba macho. Tangu siku ile unamsalimia kwa ncha za vidole. Nimekutazama ukifanya hivyo na ni mkono wangu kabisa, hata namna ya kuurudisha haraka. Dharau ni somo rahisi kufundisha. Halihitaji ubao. Na wiki iliyopita, ulipouliza ni nani waalikwe kwenye chakula cha kukuaga, ukasema mwenyewe kabla sijafungua mdomo, "Si Makori lakini, Baba, atatuaibisha." Nikasema sawa.

Alhamisi nilipokurudishia karatasi yako sikulala vizuri. Ijumaa nilikwenda kwa Bi Nyaboke nikamwambia yote. Alikuwa anashona. Hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza.

"Unajua ni wanaume wangapi wamevua mashati kwa sababu yako?" akauliza. "Wake zao wanawaambia, kama mwalimu mzima aliweza, wewe ni nani?"

"Najua. Ndiyo maana nimeogopa kukuambia."

"Hukuogopa kwa ajili yao." Akakata uzi kwa meno. "Kwa hivyo alikuwa mpakiaji wa Daraja Mbili, tena mlevi?"

"Ndiyo."

"Basi umetunyima hadithi iliyo bora, miaka tisa. Mwalimu akibeba mtoto, watu husema, ni kwa sababu amesoma. Mlevi akibeba, nani atabaki na kisingizio?"

Niliumia, nikitambua kinachoniumiza. Nilikuwa nimekwenda kutubu, na bado moyoni nilitarajia aseme kikundi kitaanguka bila mimi.

Kutoka hapo nikaenda Mosocho. Makori anakaa chumba kimoja nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Nilimkuta anamenya muhogo, na alikuwa amekunywa kidogo. Sitakudanganya ili umpende. Nikabaki nimesimama kwa sababu hakunikaribisha kiti. Nikamwambia nimekuja kumwomba msamaha. Nilikuwa nimepanga maneno, nikayasema kwa mpangilio, kama risala.

Alinisikiliza. Kisha akauliza, "Mtoto anajua?"

"Bado."

"Umeanza kwangu?"

"Nilidhani—"

"Mwalimu, wewe kila mara unaanza pale pasipo na mtihani. Mimi nilijua. Mkeo alijua. Yule sista alijua. Asiyejua ni mmoja, na ndiye uliyemruka. Nenda ukamwambie."

"Na mimi na wewe?"

"Mimi na wewe hatuna haraka." Akaendelea kumenya.

Hakunisamehe. Nakuambia hivyo ili usije ukadhani nilipewa chai tukakumbatiana. Nilistahili kusimama pale mlangoni kama mtu aliyekuja kuuza sabuni, nikasimama.

Sikuagizi useme nini Eldoret. Nimekuwa nikisahihisha maneno ya watu maisha yangu yote, na ona yangu yalivyo. Ukitaka kunitaja kwa jina, nitaje. Ukiona huwezi kuniangalia kesho asubuhi tukikusindikiza, nitaelewa, nitabeba sanduku nikae kimya. Tarehe ya mkutano wa kikundi ikifika, nitasimama katika ukumbi uleule, mbele ya wale walionishika kwa mikono miwili. Bi Nyaboke ameniwekea dakika tano. Amesema zinatosha, kwa kuwa ukweli wangu ni mfupi.

Lakini kuna jambo moja zaidi la Mosocho, na bila hilo nisingeketi kuandika. Nilikuwa nimefika njiani, karibu na barabara, nikamsikia ananiita. Alikuwa amesimama na kisu na muhogo mkononi.

"Bado analalia upande wa kushoto?"

Sikumwelewa. Akajigusa kifuani, juu ya moyo.

"Alikuwa hakubali upande mwingine. Nikimgeuza analia. Bado?"

Miaka kumi na tisa umelala chini ya paa langu, na sikujua unalalia upande gani. Nilimwambia nitauliza. Nilipofika nyumbani nilimkuta mama yako anaanua nguo, nikamwuliza. Akanitazama, akasema, "Kila siku."

Nimempelekea Makori jibu lake.

Baba yako,
Ondieki